Makabati Manne, Waya Mmoja

Aliyelikosa gazeti la wiki jana asihangaike, nitamkokota kwa maneno machache. Tuliachana kwenye kofi.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza wa kiume, mtu mzima sasa, mwili kama mlango, mtaa mzima unamwita Bonge. Wa pili wa kike, tangu mdogo mdomo haufungi, tukamwita Chiriku. Chiriku ameolewa, na mumewe akahamia kwangu kwa ajili ya kazi.

Kazi yetu ni kukausha kuku kwa moshi. Hatukoki moto uani. Tuna makabati ya umeme: sanduku refu la bati, chini koili ya kupasha moto, juu ya koili trei ya vipande vya kuni, juu yake kulabu za kuning'iniza kuku. Unachomeka plagi, unafunga mlango, baada ya saa sita kuku ameiva na moshi umemwingia mpaka kwenye mfupa.

Nilianza na moja. Bonge akaleta mawili. Mkwe asikubali kuachwa, akaleta lake, kubwa kuliko yetu yote. Makabati manne kwenye jiko la nyumba ya vyumba vitatu, na waya ni mmoja, uliovutwa zamani kwa ajili ya taa, redio na pasi.

Mawili waya uliyabeba. La tatu likiwaka, ile swichi ya ukutani inayojikata yenyewe umeme ukizidi, mafundi wanaiita breka, inalia "tak" na nyumba inazima. Kuku wanabaki vuguvugu, si wabichi si walioiva. Kuku wa hivyo akikaa ni wa kumwaga.

Tukaandika zamu kwa chaki mlangoni. Zamu zikaleta ugomvi. Wiki jana niliwaeleza mkwe alivyochomoa plagi za Bonge kabla zamu yake haijaisha, na Bonge alivyomkaba ukutani mpaka macho yakamtoka pima. Alipomwachia, mkwe hakumrudishia Bonge, maana hamwezi. Alimgeukia mkewe.

Sasa tuendelee.

Kofi lilimkuta Chiriku amebeba beseni la kuku wa maji ya chumvi. Beseni likaenda huko, yeye akaenda huku.

"Nilikwambia uikodolee macho hiyo breka," mkwe akasema. "Ikikata uirudishe palepale. Ulikuwa unapiga soga na nani?"

"Nilikuwa naosha kuku wako," Chiriku akajibu akiwa sakafuni.

"Bado una mdomo?"

Akamkanyaga vidole. Hakumpiga teke, alimkanyaga, polepole, huku anamtazama usoni.

Bonge alishatoka barabarani kupoza hasira. Nikachukua upawa wa chuma nikamtandika mkwe wangu mgongoni. Ndiyo, mimi mama mkwe, nilimpiga mkwe. Naandika yote, sifichi.

Akageuka. Akacheka.

"Mama, heshima yako bado ninayo," akasema. "Usinilazimishe niitue chini."

Asubuhi yake mkono wa Chiriku ulikuwa umevimba, kidole kimoja hakikunjiki. Wanaume wawili walikuwa wametoka kutafuta kuku. Tulibaki sisi wawili, tunapanga kuni kwenye trei.

"Mama, hesabu mwenyewe," akaniambia. "Juzi breka ilikata mara mbili, nikapigwa mara mbili. Jana ilikata mara moja, nikapigwa mara moja. Mimi sipigwi na mume, napigwa na swichi."

"Muache. Rudi kwangu."

"Nirudi wapi, mama? Si niko kwako?"

Tukacheka. Msinishangae, mtu akizidiwa hucheka. Halafu akaanza kulia, na ndipo akili yangu, akili ya mama mwenye hofu, ikaniambia jambo. Swichi ikikata, mwanangu anapigwa. Basi isikate.

Nikamwita fundi umeme wa mtaa wetu, wanamwita Chapchap kwa sababu kazi ya siku mbili anaimaliza kabla chai haijapoa. Alipanda kwenye kigoda, Chiriku amekishika kwa mkono mzima, akafungua mfuniko ukutani.

"Mama, swichi hii haiumwi," akasema. "Inafanya kazi yake. Waya wenu mwembamba, mnaubebesha mzigo wa lori. Inatakiwa tuvute waya mpya, mnene, kila kabati na wake na swichi yake."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Na umeme umezimwa."

Siku tatu bila umeme na wanaume wale wawili ndani ya nyumba. Nikatikisa kichwa.

"Nataka isikate. Leo."

"Isikate kabisa?"

"Kabisa."

Akamtazama Chiriku, mkono ule uliovimba. "Dada huyu kafanya nini?"

"Nimeanguka," Chiriku akasema.

"Kila nyumba ninayoingia watu wanaanguka," Chapchap akasema, akaingiza mkono kwenye mkoba.

Akatoa kipande cha waya mnene, akakikunja, akakiunga kutoka juu ya swichi mpaka chini yake. Umeme ukawa unapita pembeni, swichi hauigusi.

"Sikilizeni," akasema. "Swichi hii sasa ni pambo. Hata uishushe, nyumba haizimi. Ukitaka kuzima, utoke nje mpaka kwenye mita, uzime kule. Mama, umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na wewe dada?"

"Nimeelewa."

"Na mimi sikuja hapa."

Akashuka, akaondoka. Mimi na Chiriku tukakubaliana tusiwaambie wanaume. Bonge angekataa. Mkwe angeleta kabati la tano.

Mama unayenisoma, shika hapa. Ile swichi ilikuwa inatupigia kelele. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kelele si jambo la kusomea shule. Nilizisikia, nikaziziba mdomo, nikajiambia nimemwokoa mtoto.

Na kweli, siku mbili nilimwokoa.

Makabati manne yakawaka kwa pamoja, kutwa nzima. Mkwe akawa anapiga mluzi. Akamletea mkewe soda.

"Umeona?" akamwambia. "Ukitulia ukaichunga, haikati. Ni akili tu."

"Ni kweli mume wangu," Chiriku akasema. "Ni akili."

Akanikonyeza. Nikageukia sinki nisionekane ninavyocheka. Zile ndizo siku mbili za mwisho jiko lile kusikia kicheko.

Siku ya tatu moshi ulibadilika. Ulikuwa unakwaruza koo.

"Mbona leo unawasha hivi?" Chiriku akauliza.

"Kuni mbichi," Bonge akasema.

"Kuni zako," mkwe akasema. "Zangu kavu."

Nyumba ya watu wengine ikinuka kuungua, watu wanakimbia. Kwetu ikinuka kuungua tunajua kazi inakwenda. Niligusa ukuta juu ya soketi, ulikuwa wa moto. Nikajiambia jiko lenye makabati manne lina ukuta gani usio wa moto? Nikaendelea kumenya vitunguu.

Waya ulikuwa unachemka ndani ya ukuta, na maganda yake yanayeyuka, na sisi tunavuta pumzi hiyo tukisema ni kuni.

Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi. Bonge aliingia jikoni, akafungua kabati lake la pili. Akakaa anatazama ndani kitambo. Kuku waliokuwa wakining'inia humo hawakuwa wake.

"Shemeji," akaita. "Kuku wangu wako wapi?"

Mkwe alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. "Wako chini ya meza. Wanapumzika."

Bonge akainama. Kuku wake walikuwa kwenye gunia, wamerundikwa, wameiva upande mmoja.

"Umewatoa saa ngapi?"

"Nilipokuwa na haja ya nafasi. Hoteli wanataka mzigo wao adhuhuri. Wako ni wa nani?"

"Wa watu niliowapa neno langu. Toa kuku wako kwenye kabati langu."

"Sitoi. Umeme wa wote."

"Umeme wa wote. Kabati langu."

"Na dada yako wangu," mkwe akasema, akanywa funda. "Mbona kila siku unaingiza pua?"

"Baba, mwache," nikamwambia Bonge. "Nakuomba, mwanangu, toka nje."

Hakutoka. Akakipiga teke kikombe, chai ikamwagika kifuani kwa mkwe, ya moto. Mkwe akanyanyuka na kulabu mkononi. Sikuona alipoichukua. Akaizungusha mara moja, ncha ikamwingia Bonge begani, na badala ya kuichomoa akaivuta chini. Nilisikia nyama ya mwanangu inachanika. Ina sauti, msidhani haina.

Bonge akampiga kichwa usoni. Pua ikapasuka. Wakashikana, wakapinduka juu ya meza, pipa la maji ya chumvi likaanguka na wao, sakafu nzima ikawa maji, damu na vitunguu. Chiriku akajitupa katikati.

"Kaka, utamwua. Baba wee, muache, utamwua."

Mkwe akampiga kiwiko cha mdomo bila hata kumtazama. Jino likaruka. Niliona jino la mwanangu linaelea kwenye maji.

Bonge naye aliliona.

Akachomoa nondo, ile fimbo ya chuma tunayopangia kulabu, akamshushia mkwe kichwani. Mara moja. Damu ikamfunika uso. Nasema mara moja kwa sababu nitaulizwa mbele, na ninyi pia mtaniuliza.

Mkwe hakuanguka. Aliyumba. Viatu vilishamtoka kwenye vurugu, nyayo tupu ndani ya maji ya chumvi. Akatafuta mahali pa kujishika, mkono wake ukaukuta mpini wa kabati lake.

Akatulia hapohapo.

Kwanza nilidhani ameegemea apumue. Halafu nikaona meno yameumana, shingo imekakamaa mishipa nje, na mkono ule unatetemeka bila yeye kuutetemesha. Hakutoa sauti hata kidogo. Laiti angepiga ukelele.

Bonge akaelewa kabla yetu. Akaitupa nondo.

"Amenaswa. Mama, zima. Zima."

Nilikimbia mpaka ukutani. Nikaishika swichi, nikaishusha.

"Nimezima," nikapiga kelele. Mtaa ulinisikia.

"Bado," Bonge akasema. "Bado umemshika."

"Nimezima mimi. Nimezima."

Taa nyekundu za makabati zilikuwa zinawaka zote nne. Nilikuwa nazitazama, mkono wangu uko kwenye swichi, na akili haiungi. Nilibonyeza chini kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nalisukuma pambo.

Bonge akachukua gogo kavu kwenye rundo la kuni. Chuma asingeweza, naye angenaswa. Akampiga mkwe kwenye mkono ili auachie mpini. Haukuachia. Akapiga tena, kiwiko kikavunjika, nikakisikia, na vidole bado vimeshika. Akapiga ubavuni ili amsukume. Akapiga tena. Analia, anampiga, anamwita: "Achia, shemeji. Achia basi."

Ndipo neno la Chapchap likanirudia. Toka nje mpaka kwenye mita.

Nikakimbilia mlangoni, nikagongana na watu wanaingia. Mbele yao jirani yangu mshonaji, sindano bado kwenye ukosi. Alikuwa dirishani muda wote.

"Unakimbia wapi?" akanishika. "Mwanao anaua mtu unakimbia?"

"Niache nifike kwenye mita."

"Mita ya nini, wakati umezima? Si nimekusikia?"

Tulivutana. Nilimng'ata mkono. Kabla sijapita, ukuta wa jikoni ulilipuka kwa ndani, cheche zikatoka kwenye soketi, makabati yote yakazima. Waya ulikuwa umejikata wenyewe.

Mkwe akaanguka kifudifudi. Bonge alikuwa amesimama juu yake, gogo mkononi.

Hiyo ndiyo picha waliyoikuta.

Walimburuta Bonge nje kwa kumshika miguu, kichwa kinagonga kila ngazi. Uani wakaanza. Matofali, mateke, mkanda, sufuria. Mwuza mkaa alimruka kifuani kwa miguu miwili. Bonge mwenye mwili ule hakuinua mkono. Alikuwa anasema neno moja, umeme, umeme, na kila alipolisema walimpiga mdomoni alitafune.

"Mama mtu kashazima," mshonaji anawaeleza wanaofika. "Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Kazima, na huyu anaendelea kumponda mtu asiyejitetea."

Chiriku akatoka ndani. Nguo nzima damu ya mumewe. Alikuwa ameibeba ile nondo.

"Chiriku, mama, usi..." nikamwita.

Alimpiga kaka yake taya. Nilisikia ilivyoteguka. Akataka kurudia, nikamkumbatia kwa nyuma, tukaanguka wote. Alinipiga na mimi, ngumi za uso, na mimi simwachii.

Askari ndio waliomwokoa Bonge. Walipowatawanya watu, mmoja wao, mwenye daftari, akanijia nikiwa bado chini.

"Mama, wewe ndiye mwenye nyumba? Huyu kijana anasema mtu alinaswa na umeme. Umeme ulikuwaje?"

Naomba mnielewe pale nilipokuwa. Nililiona lile tundu ukutani, ule waya wa Chapchap. Niliona jela. Ulimi ukatangulia.

"Nilizima," nikasema.

"Ulizima kabla hajampiga?"

"Nilizima mwenyewe."

Akaandika. Nikaweka saini. Sikuona kwamba saini ile ilikuwa kamba, na kwenye kitanzi nimeweka shingo ya mwanangu.

Nilikuja kuiona alasiri, kituoni.

Bonge alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya kaunta, pingu, jicho moja limefungwa kabisa, taya imefungwa kwa kitambaa. Habari zilikuwa zimefika kutoka hospitali: mkwe alifia njiani. Chiriku alikuwa kwenye benchi karibu yangu, hatusemeshani.

"Rudia," askari wa daftari akamwambia Bonge.

"Alikuwa amenaswa," Bonge akasema kwa meno. "Nilikuwa namnasua."

"Kwa kumvunja mkono na mbavu tatu?"

"Kwa gogo. Mti haupitishi umeme."

"Umeme upi?" Askari akafungua ukurasa. "Mama yako mzazi amesema alikuwa ameshazima. Jirani kamsikia. Swichi tumeikuta chini. Sasa nani mwongo, wewe au mama yako?"

Bonge akageuza shingo taratibu. Akanitazama kwa lile jicho moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, kama alivyokuwa akisubiri utotoni nimfungue vifungo.

"Mama?" akasema.

Nikasimama.

"Afande, swichi niliishusha lakini ilikuwa imekufa. Kuna waya ulioiruka. Niliuweka mimi. Nilimwita fundi akauweka. Ule umeme haukuzimika. Mwanangu anasema kweli."

Askari akaweka kalamu chini.

"Fundi nani?"

"Chapchap."

"Jina lake."

Sikulijua. Watu tunaingiza mtu ndani, tunamkabidhi roho zetu ukutani, hatujui hata jina lake.

Akamtuma mwenzake kwa pikipiki. Tulisubiri. Bonge alikuwa amefumba jicho, na nilimwona anapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nikajiambia nifungwe, potelea mbali, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Kijana atoke.

Yule wa pikipiki akarudi, anapangusa masizi mikononi.

"Mkuu, nimefungua mfuniko. Swichi iko sawa, iko chini. Hakuna waya wowote wa ziada."

"Umeangalia vizuri?"

"Kwa tochi."

"Ukuta?"

"Mweusi. Lakini jiko lote jeusi, watu wa moshi hawa."

"Mkono wa marehemu," nikasema, "angalieni kiganja chake, kimeungua."

"Viganja vya watu wa kazi yenu vyote vimeungua, mama. Nionyeshe vyako." Sikumwonyesha. Akaniinamia. "Nikwambie kitu, si kwa ubaya. Kila mama anayeketi hapo na kijana wake ndani, ikifika jioni anakumbuka jambo jipya."

"Sikumbuki, nasema. Muulizeni huyu. Alikuwepo. Alishika kigoda."

Askari akamgeukia Chiriku.

"Dada, pole na msiba. Kuna fundi umeme alikuja kwenu wiki hii?"

Chiriku, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu azaliwe, aliuziba kwanza kwa kiganja. Mdomo ulikuwa umevimba, pengo linatoka damu bado.

"Hakuna fundi aliyekuja," akasema.

Bonge akafungua jicho.

"Basi," askari akasema. "Mama, nitaandika maelezo yako ya mwanzo kwa usafi, uje uweke saini ya mwisho. Kama unataka kuyabadilisha, niambie, lakini ujue nitakuandikia kosa la kusema uongo, na kijana hatanufaika. Nendeni mkapunge hewa."

Nilimkokota Chiriku mpaka barazani. Nilitaka kumzaba kofi. Mkono nilishauinua, nikauona, nikaushusha.

"Kwa nini?"

"Kaka alimpiga nondo ya kichwa, mama. Kabla ya umeme. Au hukuiona?"

"Mara moja. Na mumeo alisimama baada yake. Ulimwona amesimama."

"Nilimwona amekufa."

"Chiriku, ule waya umekwenda wapi?"

Akatazama barabarani.

"Nilimpigia Chapchap, wakati mnampiga kaka pale uani."

"Mimi sikumpiga."

"Wakati wanampiga. Askari alipokuuliza umeme, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nikasikia ulivyojibu. Nikajua unaogopa. Alipofika nikamwingiza kwa mlango wa nyuma, akautoa, akafunga mfuniko, akaondoka nao mfukoni. Nilikishika kigoda, mama. Mara ya pili."

Nikakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Ukisema kuna waya, watauliza nani alijua," akaendelea. Sasa alikuwa anaongea haraka, Chiriku wangu wa zamani. "Tulijua wawili. Tulijua haizimi, alituambia, tukasema tumeelewa. Mume wangu kafa kwa mkono wa nani hapo? Utaingia wewe, nitaingia mimi. Kaka ana nguvu, atakaa, atatoka. Wewe na pumu yako utakaa? Mimi, baada ya yote haya, ndiyo nikafungwe? Ulisema unanitoa kwenye kipigo, mama. Nitoe basi."

"Watamnyonga, Chiriku."

"Hawamnyongi. Watasema ni ugomvi."

"Nani kakwambia?"

"Chapchap."

Mlango ukafunguliwa. Askari wa daftari alikuwa ameshika karatasi mbili na kalamu.

"Mama, tayari. Ingia."

Niliinuka. Chiriku akanishika mkono kwa ule mkono wake wenye kidole kisichokunjika, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nilijaribu kujitoa kidogo. Hakuachia.

Kule ndani, nyuma ya kaunta, Bonge alianza kuniita. Taya ile haikumruhusu kusema vizuri, lakini neno lilikuwa moja tu na lilikuwa jina langu.

"Mama," askari akasema, "unaingia au huingii?"